Body ya Mzee Imefika

Nimewahi kumwona marehemu akishuka kutoka juu ya body yake mwenyewe, anatafuna karanga.

Msinicheke. Sijavuta kitu na sijalogwa. Huu ni mkasa wangu, na nausimulia nikiwa bado na hasira, kwa hiyo pale nitakapouma mnisamehe.

Mimi napuliza rangi za magari. Ndiyo, mwanamke. Baba yangu, tunayemwita Mzee, ananyoosha bodi. Gari likigongwa, yeye anapiga nyundo mpaka bati linarudi lilipokuwa, mimi napaka puti kuziba mabonde, nasugua msasa, nachanganya rangi na thina, napuliza.

Kwenye geti letu kuna maandishi makubwa aliyoandika kwa mkono wake: TUNANYOOSHA BODI.

B-O-D-I. Mlikumbuke hilo.

Nimesema baba yangu. Ukweli ni baba wa kufikia. Alimuoa mama nikiwa bado natambaa, mama akafariki, tukabaki wawili kwenye vyumba viwili nyuma ya karakana. Hajawahi hata siku moja kuniita mtoto wa mtu mwingine. Kazi hiyo aliifanya mwanawe wa kumzaa.

Huyo mwanawe tunamwita Mwenyekiti, kwa sababu yumo kwenye bodi ya shule na hakuna siku ametuacha tusahau. "Jana kwenye bodi tuliamua." "Mimi kama mtu wa bodi." Ukimsalimia tu, bodi.

Mkewe, wifi yangu, naye ana bodi yake. Anaifanyia mazoezi, anaipiga picha kila asubuhi, anaiweka mtandaoni watu waisifie.

Kwa hiyo kwenye familia yetu neno lilikuwa moja, maana tatu. Bodi ya kikao, bodi ya kiuno na bodi ya bati. Na sisi wa bati ndio tuliokuwa tunanuka.

"Mnanuka thina," wifi alikuwa akisema kila akija, amekaa ukingoni mwa kiti asije akachafuka.

Sasa, Mzee akaanza kukohoa. Kifua kibaya, cha usiku na mchana. Asubuhi moja akavaa shati safi, akaniaga anakwenda kumwona rafiki yake wa zamani, atalala huko kidogo. Akaondoka.

Simu yake ikawa haipatikani.

Mwanzo nikasema ni chaji. Kesho yake chakula kikaanza kunishinda.

Nilikuwa nasugua mlango wa gari la mteja Mwenyekiti aliponipigia.

"Mzee ametutoka."

Msasa ukaniponyoka.

"Nani kasema?"

"Nimetumiwa ujumbe. Usinihoji, tuko njiani."

Nililia kwa kelele, nimekaa chini kwenye vumbi la puti, mpaka mama wa duka la jirani akaja kunishika. Majirani wakaleta viti. Msiba ukawa msiba.

Gari la Mwenyekiti likaingia. Watu wengine huenda msibani na leso. Kaka yangu alishuka na kufuli jipya, bado limo kwenye karatasi yake.

Pole hakunipa.

"Funguo za karakana ziko wapi?"

"Kaka, Mzee yuko wapi? Hospitali gani? Tunamfuata saa ngapi?"

"Nimeuliza funguo."

"Na mimi nimemuuliza baba."

"Baba yako?" Akacheka. Msibani, mbele za watu, akacheka. "Baba yako sisi hatumjui. Huyu alikuwa baba yangu mimi. Damu nzito kuliko maji, na wewe ni maji ya kupita. Ukimaliza kulia utafute pa kwenda."

"Tumzike kwanza, basi."

"Kwani atazikwa na vyumba?" wifi akadakia.

Akaingia ndani. Nilipomfuata nikamkuta chumbani kwangu anajaza nguo zangu kwenye mabegi. Anakunja vizuri, sitamsingizia. Ovaroli yangu ya kazi aliishika kwa ncha za vidole viwili.

"Nakusaidia, wifi. Kesho usiseme hatukukusaidia."

Wahenga walisema kufa kufaana. Hawakusema tufaane kabla marehemu hajaoshwa!

Nikarudi nje nikamwambia Mwenyekiti anionyeshe huo ujumbe. Akanisukumia simu usoni ili ninyamaze. Namba ngeni, haina jina. Maneno haya hapa:

"Body ya mzee imefika. Njooni muichukue leo, hapa hatuna pa kuiweka."

"Umepiga?"

"Nipige niulize nini? Body ni maiti. Hicho ni Kiingereza, si mambo ya nyundo."

"Uulize maiti ya baba yako iko wapi!"

"Nikimaliza kufunga kufuli nitapiga."

Hapo ndipo machozi yalipokauka. Nilimtazama mtu mzima anayehangaika na komeo wakati baba yake amelazwa asikokujua, nikamchukia mpaka meno yakaniuma. Nikainakili ile namba, nikaenda nyuma ya kompresa, nikapiga mwenyewe.

Akapokea mwanamume. Nyuma yake vyuma vinagongana.

"Napiga kuhusu ule ujumbe," nikasema. "Body ya mzee."

"Ah, ndiyo! Ipo hapa nje."

"Nje? Juani?"

"Sasa tuiweke wapi? Tumeifunika turubai tu."

"Iko... iko katika hali gani?"

"Juu nzuri sana. Chini ndiyo imeoza kidogo, lakini hapo mtakata mchomelee kipande kingine."

"Tuchomelee nini?"

"Kipande, dada. Halafu upande wa kulia haina mlango. Ila mwenyewe anasema mlango anao huko kwake."

"Mwenyewe nani?"

"Si Mzee! Yuko hapa anafunga kamba. Nimpe simu?"

Bodi. Jamani, bodi ya gari!

Nikamwambia asimpe, wailete tu. Nikakata, nikajiziba mdomo kwa kiganja, nikacheka mpaka yale machozi yakarudi upya.

Ningeweza kutoka nikapiga kelele kwamba yuko hai. Sikupiga. Niliwaza zile nguo zangu kwenye mabegi nikasema moyoni, acha aje ajionee. Nikajitanda mtandio, nikarudi kukaa na wafiwa.

"Body inaletwa," nikawaambia.

"Isiingie ndani tu," wifi akasema. "Itanuka."

Mwenyekiti akalibana kufuli lake, akatia ufunguo mfukoni, akakaa kiti cha mbele na kuanza kujizoeza huzuni.

Lori likaja. Wanawake wakaangua kilio. Turubai likafunuliwa, na kilichokuwa nyuma ni bodi ya gari dogo la kizamani, la bluu, halina matairi wala mlango wa kulia. Juu ya paa lake ameketi Mzee, na kikohozi chake na pakiti yake ya karanga.

Watu walitimua mbio. Wifi yangu mazoezi yalimlipa siku hiyo, alikuwa wa kwanza kufika barabarani.

Mzee akashuka taratibu. Hakuuliza viti ni vya nini wala kwa nini watu wanakimbia. Alikwenda moja kwa moja kwenye geti la karakana, akatoa ufunguo wake, ukagoma kuingia.

"Kufuli la nani hili?"

Mwenyekiti akainuka kutoka kwenye kile kiti cha mbele.

"Nimeuliza, la nani?"

"Baba," Mwenyekiti akasema, "tulikuwa tunalinda mali."

"Isichukuliwe na nani?"

Mzee akayaona mabegi mlangoni.

"Na hayo?"

"Ni yangu," nikasema. "Wifi amenisaidia kufungasha."

Mzee akanyoosha mkono. Mwenyekiti akampa ufunguo.

"Bodi imekaa," Mzee akasema, "na imeamua. Wewe na mkeo msikanyage hapa tena. Siku nikifa kweli, angalau muulize kwanza hospitali gani."

Kisha mbele ya wote waliorudi kuchungulia akaniwekea ule ufunguo kiganjani. Akasema karakana ni yangu, vyumba ni vyangu, na mwenye swali aulize sasa. Mwenyekiti akapanda gari lake, akamwokota mkewe barabarani, wakaenda.

Nimeshinda, sivyo? Hata mimi nilijua nimeshinda.

Yule mwanamume wa kwenye simu ndiye aliyeendesha lori. Ndiye huyo rafiki wa zamani, anauza magari mabovu. Nikampa maji. Akanywa, akacheka.

"Mzee wako ana vituko. Nilitaka kuandika tu kwamba gari liko tayari, akaninyang'anya simu akaandika mwenyewe. Tena akaniuliza body kwa Kiingereza inaandikwaje."

Nikayatazama yale maandishi kwenye geti. B-O-D-I. Tangu nimjue Mzee, hajawahi kuliandika neno hilo kwa namna nyingine.

"Baba. Ulifanya makusudi."

Akacheka mpaka akakohoa.

"Nilitaka kujua siku yangu ikifika nani atalia na nani atakuja na kufuli. Sasa nimejua. Wewe umefaulu, mwanangu."

Nimefaulu.

Maneno yote ya Mwenyekiti siku ile hayakunichoma kama hilo moja. Mimi ninayemsugua kifua akikosa pumzi, mimi ninayepika uji akishindwa kumeza, nimefanyishwa mtihani wa kufiwa.

"Nilikuwa nawapima wao," akasema alipoiona sura yangu.

"Lakini aliyelia ni mimi."

"Sasa hasira za nini, na karakana nimekupa?"

Nikauweka ufunguo juu ya boneti ya ile bodi yake. Mabegi yalikuwa tayari mlangoni, sikuhitaji hata kukunja nguo. Nikabeba, nikatoka, na majirani wakanisindikiza kwa macho bila kuelewa ninamkasirikia nani.

Sasa hivi napuliza rangi kwenye karakana ya watu wengine na nimepanga chumba. Mzee hupiga simu. Siku nyingine napokea, nasikiliza kile kikohozi, roho inaniuma kwa sababu nampenda. Wiki hii ameniandikia: "Njoo nyumbani, bodi haijapakwa rangi." Safari hii ameiandika kwa Kiswahili. Sijajibu.

Funzo langu ni hili. Adui yako huna haja ya kujifanya maiti ili umjue, kaa tu, atakuja mwenyewe na kufuli lake. Ila aliyekulilia kwa dhati usimwambie amefaulu. Mwambie samahani. Neno hilo lina maana moja tu, na Mzee bado hajaliandika.