Sisimizi wa Visiwani Ahamia Golbanti

Niliondoka Mombasa kwa sababu ya picha ya mdudu mdogo kuliko punje ya mtama. Mwalimu mmoja wa Golbanti alikuwa ameipiga kwa simu na kuituma ofisini kwetu, na bosi wangu, ambaye kila mtu humwita Daktari, alimtambua mara moja. Ni sisimizi wa rangi ya asali anayeishi chini ya majani makavu katika misitu ya visiwa vya mbali. Hata kabla hatujapakia mizigo, Daktari alikuwa ameshaamua kwamba msitu wa Mto Tana ulikuwa kisiwa hapo kale, na kwamba yeye ndiye mgunduzi. Mimi kazi yangu ni kupiga picha za wadudu, na kubeba mabegi ya wasiobeba mabegi.

Malindi tulisimama ili Daktari anunue kofia pana. Kutoka hapo alinieleza namna ya kumpiga picha akiwa ameinama bila kitambi kuonekana.

Karibu na Minjila ng'ombe wa Waorma walifunga barabara. Daktari alishusha kioo akamwambia mchungaji kuwa kwato zinaharibu makazi ya kiumbe adimu. Mchungaji alimsikiliza kwa adabu, kisha akauliza kama kiumbe huyo anakamuliwa.

Golbanti tulipokewa na Mama Habona, mjane mwenye shamba la migomba linalopakana na msitu. Sisimizi alipigwa picha mpakani mwa shamba lake. Alitupakulia wali na kambare, na kabla hatujanawa mikono Daktari alishamwarifu kwamba shamba litazungushiwa uzio, ili hazina ya dunia isisumbuliwe. Mama Habona aliuliza yeye atakula nini. Daktari akamjibu kwamba dunia itamshukuru.

Alasiri tuliingia msituni na chekecheke. Nilichekecha majani juu ya kitambaa cheupe mpaka mgongo ukakataa. Walitoka tandu, buibui, na sisimizi weusi wa kawaida. Wa rangi ya asali hakuwepo hata mmoja. Tulipotoka nikajaribu chini ya minazi ya mapambo iliyopandwa kando ya shamba, na hapo wakamwagika kama mchele kutoka gunia lililotoboka.

Nilimuuliza Mama Habona minazi ile ilitoka wapi.

"Si ni yeye aliyeileta," alisema, akimwelekezea Daktari kidevu. "Siku ile ya kupanda miti. Alisema ni zawadi ya visiwani, ikaja na udongo wake kwenye viriba, vile vifuko vya miche. Tukampigia makofi."

Daktari aliitazama minazi kama mtu aliyekutana na mdai wake wa siri msikitini, akasema tuwahi chai.

Kesho yake, Garsen, ukumbi ulijaa machifu na wakulima aliokuwa amewaalika kusikia habari njema. Nilidhani angeahirisha. Alisimama akatangaza kwamba bonde limevamiwa na adui hatari, na ili asienee, shamba lazima lizungushiwe uzio. Hazina ilikuwa imegeuka adui usiku mmoja, lakini uzio ulibaki ule ule, mahali pale pale.

Mama Habona alikuwa amekuja kwa bodaboda. Aliinuka akauliza adui huyo aliletwa na nani. Daktari alijibu kwamba sayansi ingali inachunguza. Ndipo Mama akanigeukia.

"Mwanangu, wewe ulikuwepo. Sema."

Niliifikiria kazi yangu, nikaufikiria na ule wali.

"Aliyewaleta ni Daktari," nilisema. "Walikuja kwenye udongo wa miche yake."

Hakuna aliyecheka, na hilo lilimuumiza Daktari kuliko kicheko. Afisa wa serikali aliyeongoza mkutano alisema hakuna uzio utakaowekwa, na aliyeleta minazi akaing'oe na kuichoma pamoja na udongo wake. Jioni hiyo, tuliporudi Golbanti, nilipiga picha zangu bora za safari nzima: Daktari ameinama na jembe, kitambi chote kikionekana.

Nilirudi Mombasa kwa basi. Daktari alisema gari limejaa, ingawa ndani walikuwa yeye na dereva tu. Kazini sijaitwa tena.

Ila nimejifunza jambo. Sisimizi yule ni dhaifu, hawezi kuvuka hata kijito. Akitaka kuvuka bahari hutafuta mtu mwenye shahada, hujilaza kwenye udongo wake, na akifika hupokewa kwa makofi.