Saa Moja kwa Ndege

Kaka yangu ana sentensi ninayoichukia kuliko tusi lolote: "Dar mpaka Kilimanjaro ni saa moja tu kwa ndege." Aliisema muda wote mama alipokuwa anaumwa, kana kwamba kujua urefu wa safari ndiko kuja kwenyewe. Tena saa yake inaishia uwanja wa ndege, na mama hakuishi uwanjani. Bado kuna Arusha, Makuyuni, Mto wa Mbu, halafu mlima.

Mama aliishi nami juu ya Karatu, shambani. Mimi nilishuka mjini kila siku kupika katika hoteli ya watalii. Nimewapikia wazungu wazee, magoti mabovu, waliovuka bahari ili waende Ngorongoro kumtazama faru. Kaka alikuwa na mama mzazi, na saa moja ikamshinda.

Halafu Kiiraqw, lugha yetu ya nyumbani, amekitupa. Kwenye simu anaongea Kiswahili cha mjini, mbio mbio, na Kiswahili cha mama kilikuwa cha mnadani, cha kuuliza bei na kuitikia salamu. Jioni moja, simu ikiwa kwenye spika, mama alimuuliza atakuja lini. Akacheka.

"Usiwe na wasiwasi, mama. Mimi kuja huko ni saa moja tu kwa ndege."

Mama akanirudishia simu uso umemchangamka. "Anakuja saa moja," akasema.

Nikamweleza kwa Kiiraqw kwamba hiyo ni saa ya kukaa angani, si saa ya kufika. Akaniangalia kama ninayetaka kumpokonya kitu. "Amesema saa moja. Hata wewe umesikia."

Tangu siku ile, giza likianza kuingia, alitaka nimvalishe sweta lake la kijani na kumtoa nje, akae kwenye kigoda aangalie barabara. Baridi ya Karatu haimfai mgonjwa wa kifua, nilimwambia, hakusikia. Kibuyu cha maziwa aliyomwekea mwanawe hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Giza likikolea anasema, "Leo ndege imejaa," ndipo anakubali kuingia ndani.

Nilimpigia kaka. Nilimwambia mama anakaa kwenye baridi kila jioni kwa sababu ya neno lako, njoo, au angalau mwambie kwa lugha yake kwamba huji.

"Dada, unakuza mambo," akasema. "Nikimaliza shughuli hapa nakuja. Kwani mbali?"

Wanasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Hii hata kuinuliwa haikuinuliwa.

Mama alifariki masika yalipoanza. Kaka alifika kesho yake, jua likikaribia kuzama, shati limenyooka halina hata vumbi. Majirani waliokuwa msibani wakampa pole ya safari.

"Wala si safari," akawajibu. "Saa moja tu kwa ndege."

Nilikuwa natoka jikoni na birika la chai. Nililiweka chini. Nikaingia ndani, nikakitoa kigoda, nikakiweka pale pale mama alipokuwa anakaa, na watu wote wakiniangalia.

"Kaa hapa, kaka," nikamwambia. "Ikifika saa moja, angalia barabara."