Simba wawili wa zege getini walivyomzuia mama mkwe kuingia kwangu

Wakuu, habari za mchana. Haya yamenikuta mwenyewe, siongezi chumvi. Nimechoka tu, nataka niyatoe.

Mie ni mwalimu, mtu wa Moshi, nimejenga huku Kawe. Kule mtaani kwetu nilikuwaga naona mtu akimaliza nyumba anaweka simba getini. Nami nikampa fundi kazi, akanitengenezea wawili wa zege, midomo wazi, meno meupe. Mmoja alitoka na makengeza, nikampenda hivyo hivyo.

Wife ni wa Temeke, mtu wa pwani kabisa. Alipojifungua, mama yake akaja kumwona mjukuu wa kwanza.

Akashuka kwenye bajaji, akatazama geti, akasimama.

"Shikamoo mama, karibu ndani."

"Marahaba baba. Katikati ya masanamu mie sipiti, penye masanamu malaika hawaingii. Mleteni mtoto hapa nje."

Nikadhani utani. Mama akakaa kwenye benchi la duka la jirani, mkoba mapajani.

Mtoto ana siku tisa, wife kagoma kumtoa, arobaini haijafika. Mama naye hasogei. Mie nabeba maneno kwenda na kurudi, na wiki nzima sijalala.

Nikawafunika simba kwa viroba. Mama akasema bado anaiona miguu yao.

Nikaongeza mashuka meupe. Jirani akaja mbio kuuliza tumefiwa na nani.

Saa nane wife akanipigia simu kutoka chumbani, analia. "Baba, kivuli kimehama. Mama yangu yuko juani."

Akakata simu.

Nikaazima nyundo kubwa. Yule wa makengeza aligoma kuvunjika, nikampiga huku naona aibu.

Mama akaingia. Akanawa, akampokea mtoto, akamnong'oneza sikioni, machozi yakamtoka. Hasira zangu zote zikaisha.

Kwa wiki moja.

Maana alikwenda kwake Temeke, akarudi na mapambo ya kwao: matairi manne yaliyogeuzwa vyungu vya maua, mekundu na kijani, na chupa za soda za kufukia kichwa chini pembeni ya njia.

Braza alipokuja kutoka Moshi akauliza, "Gereji umefungua lini?"

Nilikuwa namwagilia.

Nilichojifunza: kabla hujapamba mbele ya nyumba, jiulize unataka nani apite hapo.

Nyie wa mikoa mingine mnaweka nini? Semeni, nasoma huku nimembeba mtoto, mama na bibi yake wamelala.