Salamu za Pipa

Siku yangu ya kwanza katika kiwanda kidogo cha pombe ya ndizi, pale Mwanga, Kigoma, nilimkuta Mama Msimamizi wa Mapipa ameweka kiganja juu ya pipa, akisema kwa Kiha: "Mwakeye." Ndiyo salamu yao ya asubuhi. Nilicheka. Nilikuwa nimetoka Dodoma na cheti changu cha usindikaji, sikutarajia kufundishwa kazi na mtu anayeamkia plastiki.

Lakini kazi aliijua, jamani! Hamira hula sukari ya ndizi na kutoa hewa, na hewa hiyo tuliitoa kwa mrija uliotumbukizwa kwenye maji, ukawa unatoa viputo. Sukari tuliipima kwa kijiti cha kioo kinachoelea. Sukari ikiwa nyingi kinasimama juu, ikiliwa kinazama.

"Asubuhi tatu kiseme neno lilelile," aliniambia, "ndipo tutie kwenye chupa."

Niliandika kwenye daftari. Kuhusu salamu sikuandika kitu.

Masika moja alikwenda msibani Kasulu, akaniachia pipa la harusi. Mvua ilinyesha wiki nzima. Viputo vikakoma, kijiti kikasimama mstari uleule asubuhi tatu.

"Vipi, mtaalamu, tayari?" akauliza Bwana Meneja.

"Tayari, bosi."

Tukajaza chupa, tukaziziba barabara.

Siku chache baadaye mvua ilikatika, jua likawaka, na chupa zikaanza kupasuka stoo, pa! pa! Mama Msimamizi ndiyo kwanza alikuwa anafika kutoka Kasulu. Alituzuia wote mlangoni, akafunika kreti kwa magunia mabichi, akaingia peke yake na kufungua chupa moja moja, mkono ameuzungushia khanga. Moja ikampasukia, ikamchana kiganja. Nilitamani ardhi inimeze.

"Huyu mtaalamu aondoke leo hii," akasema Meneja.

"Pipa ni langu," Mama akajibu, damu inamchuruzika. "Kama ni kuondoka, tunaondoka wote wawili."

Meneja akageuka, akarudi ofisini. Angempata wapi mwingine kama yeye?

Pombe iliyosalia tuliirudisha pipani. Usiku mvua ikarudi. Asubuhi, kabla hatujalisogeza pipa karibu na majiko lipate joto, Mama akaushika mkono wangu, akaubandika ubavuni mwa pipa.

"Baridi, siyo?"

"Ndiyo, Mama."

"Na kijiti kilisimama wapi?"

"Juu," nikasema, na hapo hapo nikaelewa. Sukari ilikuwa bado tele.

"Basi lilikuwa limelala tu, mwanangu. Halijamaliza. Sasa nisipoliamkia, nitaligusa saa ngapi?"

Harusini walikunywa soda, na bwana harusi hajanisamehe hadi leo. Mimi niliamkia mapipa tangu siku ile, kwanza kama msaidizi wake, kisha kwa cheo chake alipostaafu, mpaka nilipostaafu mwenyewe mwaka jana. Nyinyi vijana mna vipimo vya kisasa, vitumieni. Ila mkono msiutupe.

Juzi niliambiwa Mama yu mahututi nyumbani kwake Kasingirima. Nilimkuta kitandani, macho kayafumba, hata shikamoo yangu hakuiitikia. Wanawe walikuwa wameanza kunong'ona habari za kuita ndugu. Nilikaa kando yake nikilia, nikamwekea kiganja kwenye paji la uso. Lilikuwa na joto.

"Mwakeye, Mama."

Hakufumbua macho. Mkono wake wenye kovu ukapanda polepole, ukaushika wangu.

"Nimelala tu," akasema. "Sijamaliza."