Mkoba Uliofunga Mtaa

Mtaa mzima ulifungwa kwa sababu ya mkoba wa mwanamke mmoja, na waliokosea hawajafika mpaka leo kusema kwamba kosa lilikuwa lao.

Mwanamke huyo alikuwa msafishaji wa ofisi, na majirani walimwita Mama Chaji. Transfoma ya mtaa iliungua kabla ugonjwa haujaingia mjini, na hakuna aliyekuja kuitengeneza. Kazini kwake umeme ulikuwepo. Basi kila asubuhi majirani walimpitishia simu dirishani, kila moja imefungwa uzi wa rangi yake, naye akazichaji kwenye stoo ya mafagio na kurudi nazo jioni.

"Mama Chaji, yangu usiilaze karibu na ya huyo," jirani mmoja alizoea kusema. "Itaambukizwa umbea!"

Ugonjwa ulipopamba moto, askari wakaja wakaweka vizuizi pande zote mbili za mtaa. Walisema watu wa pale ni wakaidi, hawatulii majumbani. Wenyeji wakabaki vinywa wazi, maana woga ulishawakalisha ndani siku nyingi. Mama Chaji tu ndiye aliyepewa kibali cha kutoka, kwa kuwa ofisi yake haikuruhusiwa kufungwa. Simu mkobani zikaongezeka, kutoka kumi na moja hadi kumi na tisa.

Siku ya nne mkwewe, mke wa mwanawe wa pekee, alishikwa na uchungu. Mume yuko mji mwingine, njia zimefungwa. Simu ya binti huyo iko stoo, ina uzi mwekundu, inachajiwa. Majirani wakampakia kwenye mkokoteni, wakamsukuma hadi kizuizini.

"Kibali?" askari akauliza.

"Kibali si hilo tumbo! Huna macho?"

Walibishana mpaka jua likafika utosini. Mtoto alizaliwa palepale, juu ya shuka. Hakulia.

Wiki iliyofuata, Mama Chaji akifagia chumba cha wataalamu, aliona ramani ya mji ukutani. Kazi yao ilikuwa kufuata simu za watu, kila simu nukta moja, ili wajue nani anatembea na kusambaza ugonjwa. Mtaa wake ulikuwa mwekundu kama jeraha.

"Baba, hapa kwetu tumefanya nini?"

"Wabishi hao, mama," akamjibu kijana aliyeisimamia ramani hiyo. "Mwanzoni walitoka kumi na mmoja kila asubuhi. Tumewafungia, sasa wanatoka kumi na tisa! Wanaongozana kama siafu mpaka mlango wa jengo hili hili. Kutwa wako hapa, jioni hao wanarudi."

Mama Chaji akasimamisha fagio. "Siafu hao wote ni mimi."

Kijana akacheka. Akamfuata stoo, akaona simu zimelala kwenye ndoo kavu na nyuzi zao. Kicheko kikamkauka.

Vizuizi viliondolewa kesho yake. Kwenye kikao Mama Chaji, akigawa chai, alisikia mambo yale yakiitwa "kasoro ndogo."

"Njoo umwambie mkwe wangu," alimwomba kijana.

"Nitakuja, mama. Jumamosi."

Jumamosi hiyo Mama Chaji alifagia sebule yake mara mbili, akaazima kiti chenye mgongo. Jumapili alikirudisha. Mwishowe akamweleza binti mwenyewe, kwa mdomo wake.

"Kwa hiyo ni mkoba wako," binti akasema. Tangu siku hiyo hajamwita mama. Akitaka chumvi husema, "Wewe, nipe chumvi."

Kijana wa ramani amepanda cheo, wakikutana kwenye ngazi huangalia viatu vyake. Lakini Jumamosi ile bado anadaiwa. Aje, akalie kiti cha kuazima, amwambie yule binti kwamba aliona nukta kumi na moja zikiingia mlango mmoja kwa hatua moja, akafunga mtaa kabla ya kuuliza.