Kijiji Tulichokichora kwa Majivu

Wakati huo nilikuwa afisa mipango wa halmashauri, nikikaa Ipuli, mjini Tabora. Kazi yangu ilikuwa kuwasaidia wanakijiji kupanga ardhi yao: wapi walime, wapi walishe ng'ombe, wapi pabaki msitu.

Kijiji ninachokikumbuka kiko magharibi ya Tabora, kwenye njia ya zamani ya misafara ya kwenda Ujiji. Nilifika kwa bodaboda kama saa nne asubuhi. Mwisho wa safari tulipita katikati ya visiki vitupu. Miti ilikuwa imeishia kwenye mabani, vile vibanda vya kukaushia tumbaku kwa moto wa kuni. Sikusikia ndege hata mmoja.

Kwenye mkutano niliwaomba wachore chini, kwa majivu, kijiji watakachoishi wajukuu wao. Mmoja alichora zahanati. Kina mama walichora visima, wakataniana. Kisha akainuka bibi mmoja mfuga nyuki, ambaye mizinga yake ilibaki mitupu tangu msitu uishe. Akachota majivu, akaenda pembeni kabisa ya mchoro, akayamwaga.

"Nyumba ya mwisho ilikuwa hapa," alisema. "Walisubiri mvua, wakachoka, wakaondoka. Mlango waliuacha wazi."

Mwenyekiti wa kijiji akamwambia taratibu, "Bibi, upande huo hapajawahi kuwa na nyumba."

"Najua. Si mmesema tuchore ya mbele?"

Bibi akamgeukia mama mmoja aliyepakata mtoto. "Wa kwanza kuondoka alikuwa huyu." Yule mama akamfunika mtoto kwa kanga.

Saa sita bibi alitupeleka mahali penyewe. Ulikuwa uwanda wa mchanga mwekundu, jua la utosi, vivuli vyetu vimeishia miguuni.

"Sikilizeni," alisema.

Nilisikiliza. Hakukuwa na upepo, wala nzi, wala jogoo wa kijijini. Halafu nikatambua kwamba hata pumzi za watu niliokuja nao sizisikii. Niligeuka ghafla. Walikuwepo wote, na kila mmoja alikuwa anageuka vilevile, anahakikisha wenzake wapo.

Tulirudi kijijini tukitembea karibu karibu. Mchana ule mkutano ulibadilika. Mkulima mmoja wa tumbaku alinikabili.

"Serikali inatukataza kukata miti. Sawa. Tumbaku tuikaushe na nini?"

Nikafungua daftari, nikawauliza wao wangefanyaje. Basi wakaanza kunieleza wenyewe: tupewe miche kwanza ndipo katazo litubane, tusaidiwe kujenga mabani yanayokula kuni kidogo, msitu uandikwe kuwa wa kijiji, ili asali yake iwe yetu na tuwe na sababu ya kuulinda. Niliandika mpaka kalamu ikaisha wino.

Mkuu wangu aliisoma ripoti, akaisukuma pembeni. "Haya ni maombi, siyo mpango."

"Nenda ukauone ule uwanda, mzee," nilimsihi. "Nenda mchana."

Alikwenda. Aliporudi alifunga mlango wa ofisi, akausukuma tena kuhakikisha umefunga, ndipo akatia saini.

Mambo hayakuwa mepesi. Nusu ya miche ilikufa kiangazi cha kwanza, wakapanda tena. Mabani mapya yalijengwa machache, na wengine waliendelea kukata kwa kujificha. Lakini sheria ndogo ya msitu ilipita, na wanakijiji wenyewe ndio waliokuwa wakali kuisimamia.

Nilirudi baada ya misimu kadhaa. Miti ilikuwa imenipita kimo. Nilimkuta bibi kando ya mzinga uliokuwa ukivuma, ukingoni mwa ule uwanda.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Huko mbele unaonaje sasa?"

Aliutazama uwanda, macho yakihama polepole kama anayehesabu watu.

"Wamerudi," alisema. "Si wote."

Sikuthubutu kumwuliza nani bado. Yule mama aliyemfunika mtoto kwa kanga alikuwa anapita na ndoo kichwani, mtoto wake akimfuata nyuma, na wote wawili walinisalimia.