Kibanda Alichokikana Mutua

Kila baridi ya mwezi wa saba ikishuka Nairobi, mwanangu, kuna siku moja inayonirudia. Nilikuwa bado msichana mbichi, nafua mashuka katika hoteli moja ya katikati ya jiji. Meneja alituita sote wa chumba cha kufulia, tukasimama mbele yake mikono ikiwa bado imelowa, akatuambia kwamba kuanzia kesho nguo za wageni zitafuliwa na kampuni ya nje. Hakupaza sauti. Anayekukatia riziki hana haja ya kupaza sauti. Jioni hiyo tulitokea mlango wa nyuma tukiwa watu wasio na kazi.

Kando yangu alitembea Mutua, mpiga pasi wetu, mtu wa Ukambani mwenye utani mwingi. Siku hiyo hakutania. Yeye na mkewe Kanini walikuwa na kibanda cha supu kule Dagoretti, karibu na machinjio. Laiseni ilikuwa ya Mutua, lakini mikono ilikuwa ya Kanini. Ndiye aliyeamka gizani kuchemsha vichwa na miguu ya mbuzi. Kibanda hakikuwatajirisha. Siku njema kiliwapa unga, siku mbaya waliinywa wenyewe ile supu wakalala. Mimi nami niliuza sukuma wiki kila Jumapili sokoni Kangemi, nilikoishi.

Sasa, chama chetu cha wafanyakazi kilikuwa na mfuko. Tulikatwa kidogo kidogo kwenye mshahara, ili anayeachishwa kazi bila kosa apewe cha kujikimu kwa miezi michache akitafuta kazi nyingine. Jambo hilo ni nadra kwetu hata leo, kwa hivyo tuliushikilia mfuko ule kama mfa maji. Lakini ulikuwa na sharti: msaada ni wa asiye na riziki nyingine. Maneno hayo yalipita mdomo hadi mdomo, na kila mdomo uliyakaza zaidi. Mwishowe watu wakawa wanasema kwamba ukiwa na biashara, hata ya kuuza njugu, hupati kitu.

Nilikuwa nyumbani kwa Mutua jioni walipojadili la kufanya. Binamu yake Kyalo, mtu mzima aliyebeba nyama machinjioni, alikuwa amekaa karibu na mlango.

"Hiyo kibanda weka kwa jina yangu," Kyalo alisema. "Mambo ya mfuko ikiisha nakurudishia. Si sisi ni damu moja?"

Kanini aliweka kikombe chini, akamgeukia mumewe. "Baba Musyoka, mimi ndiye naamka kuchemsha hiyo supu. Sasa ukiulizwa, utasema si yetu?"

"Ni maneno tu, Mama Musyoka. Sufuria haiendi mahali."

"Hata mtoto ukimkana mbele ya watu, kesho mwingine atakuja kumchukua."

Mutua alicheka kidogo, lakini hakumjibu. Juma hilo hilo laiseni ikabadilishwa jina.

Msimamizi wa mfuko alikuwa Mama Ruth, mpishi mzee wa hoteli ile ile. Alituita mmoja mmoja. Mimi nilimwambia habari za mboga zangu. Usidhani nilikuwa mwema kuliko Mutua, mwanangu; Mama Ruth alikuwa na macho ya kukuona hadi utumboni, nami niliogopa. Akaniuliza kama mboga zinalipa kodi ya nyumba. Nikamjibu hata mafuta ya taa hazinunui. Akaniambia niende nikangoje. Nilingoja hata nikajiona mjinga, maana Mutua, aliyesema hana chochote, alipewa mara moja. Changu kilikuja baadaye sana, tena pungufu.

Miezi ya msaada ikaisha, Mutua hajapata kazi. Akamwendea Kyalo kudai laiseni yake. Kyalo akasema kesho, kisha akasema tungoje Krismasi ipite. Halafu asubuhi moja Kanini alifika Dagoretti akakuta kufuli ni jipya, na mke wa Kyalo yuko ndani anakoroga supu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Walikwenda kwa chifu, wakaniomba niandamane nao. Kyalo alikuja bila wasiwasi wowote. "Mwenyewe alisema si yake," akamwambia chifu. "Ulizeni yule mama wa mfuko."

Mama Ruth aliitwa, akaja. Akasema, "Ni kweli. Nilimuuliza kama ana biashara, akaniambia hana."

Chifu akageuka. "Sasa Mutua, nimwamini nani? Yule aliyesema mjini kwamba kibanda si chake, ama huyu anayelia hapa?"

Mutua alijua amebanwa. Kudai kibanda ilikuwa kukiri kwamba aliwadanganya wenzake, na arudishe kilichokwisha kuliwa. Akainamisha kichwa. Kesi ikaisha hivyo.

Nje, Mama Ruth alimshika mkono, wala hakumgombeza. "Kijana wangu, sharti lilikuwa biashara inayokulisha. Hiyo yako ingekuwa inakulisha, ungekuja kuvunja mgongo kwa pasi? Ningekupa. Kwa nini hukuja ukaniuliza?"

Niliona uso wa Mutua. Hukumu ya chifu ilimuumiza, lakini swali hilo ndilo lililommaliza.

Baada ya hapo alitafuta vibarua vya kufyeka nyasi Lavington, mtaa wa matajiri, akisimama nje ya malango ya watu mpaka mlinzi amwite au amfukuze. Kanini alirudi kibandani kuosha sufuria, akilipwa na Kyalo, kwa sababu watoto hawajui kesi, wanajua njaa. Nilimkuta siku moja amechuchumaa, majivu hadi viwikoni. Mteja wa zamani akamwita, "Mwenye supu, niongeze!" Kanini hakuinua macho. Mwaka uliofuata Mutua alirudi kwao Ukambani peke yake. Kibanda hakikurudi, na ndoa yao pia haikurudi.

Nakwambia haya kwa sababu siku hizi wengi wenu mnaajiriwa huku mna kibanda cha kunyoa au duka pembeni, na kazi zinakatika bila kubisha hodi. Ukiachishwa, usiishi kwa sharti ulilosimuliwa njiani. Nenda kwa anayelijua ukamuulize, hata kama unaogopa. Sema ulicho nacho, na useme udogo wake. Mficha uchi hazai. Ukinyimwa kwa kusema kweli, bado utarudi kwenye kilicho chako, na hakuna wa kukuzuia mlangoni. Na mkeo akikuonya, mjibu, usicheke tu.

Nenda sasa, mwanangu. Mungu akupe riziki unayoweza kuitaja kwa sauti mbele ya watu, na kazi ikikuponyoka, akuachie jina lako na watu wako.